Mkate wa Kipimo

Walimwita Bosi kwa sababu ya kitambi. Binti wa kinyozi alikuwa na miaka mitatu, miguu kama vijiti, lakini tumbo lake lilitangulia kuingia kibandani kabla yake. Wateja waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi walikuwa wakisimama kumpisha: Bosi kaja, toeni kiti. Kinyozi alicheka nao. Mtoto mwenye tumbo kubwa ameshiba, au siyo? Ndivyo tunavyojidanganya, tukiwa watu wazima na akili zetu timamu.

Bosi hakuwa ameshiba chochote. Alikuwa anaharisha tangu aachishwe ziwa, nguo za mwaka juzi bado zilimtosha, na alikuwa na hasira za mzee aliyechoka na dunia. Walimpa dawa za minyoo mpaka minyoo, kama ilikuwepo, ikahama. Majirani wakanong'ona kwamba mama yake, fundi cherehani, anashona za watu na kusahau kumlisha wake. Mwishowe dada wa kinyozi, aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba yenye mtoto kama huyo, akawaambia waondoe ngano: mkate, biskuti, kila kitu chenye unga huo.

Wakaondoa. Haukupita muda Bosi akaanza kulala bila kulia. Akaanza kucheka. Jioni baba yake akirudi alimning'inia shingoni na kukataa kushuka, naye akala chakula chake hivyo hivyo, mtoto shingoni, mkewe akimtania kwamba amevaa tai.

Wangeishia hapo ningekuwa nimemaliza. Lakini kinyozi alitaka uhakika, yeye na mkewe wakampeleka kwa daktari, na daktari aliposikia habari ya ngano akavua miwani.

"Mmeiondoa kabla ya kupima," alisema. "Sasa damu yake haitatuambia kitu."

Akawaeleza taratibu. Kwenye ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na kuna watoto ambao miili yao inapigana nacho mpaka inaumiza utumbo wake yenyewe. Kipimo kinatafuta alama za vita hivyo. Pasipo ngano hakuna vita, na pasipo vita hakuna alama. Basi arudishiwe mkate, kila siku bila kuruka, mpaka wiki alizowaandikia ziishe. Kinyozi akauliza kwani lazima wajue, si wamwache tu hivi hivi? Daktari akasema ugonjwa huu ni wa maisha, hauamuliwi kwa kubahatisha, na kama siyo huu basi kuna mwingine unaomla mtoto huku wao wametulia.

Nyumbani mama Bosi alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Mimi simlishi kitu kinachomuumiza," alisema. "Ukiweza wewe, mlishe."

Jumba bovu likamwangukia kinyozi. Kila asubuhi akawa anakwenda na Bosi kazini, mkate kwenye mfuko. Na ubaya wake ni kwamba siku za mwanzo mtoto alifurahi. Alikuwa ameukumbuka mkate. Alikula mpaka makombo ya kwenye mapaja, akamwambia baba yake asante. Kinyozi aligeukia kioo akajifanya anafuta nywele kwenye mashine.

Kisha tumbo likarudi, na kuharisha, na vilio. Mtoto wa miaka mitatu si mjinga. Bosi aliunganisha mambo: mama hanipi, baba ananipa, naumwa. Akaanza kufunga mdomo. Kinyozi akajaribu mkate kwenye chai, mkate ulioendeshwa kama gari, mkate wa kula yeye kwanza. Hakuogopa kwamba mtoto hataupenda mkate. Aliogopa kwamba hatampenda yeye, na hofu hiyo ilimkosesha usingizi.

Ilipofika siku ambayo hila zote ziligoma, akamlisha kama anavyonyoa. Watoto wanaoogopa mashine huletwa kwake kutoka mitaa mingine, kwa sababu anajua kuwatuliza: mtoto katikati ya magoti, kiganja cha kushoto kwenye paji la uso, kichwa kinalala kifuani na hakitikisiki. Alimshika Bosi hivyo, na kwa mkono wa kulia akamtia mkate. Kwenye benchi watu walitazama viatu vyao. Hakuna aliyesema Bosi kaja.

Aliendelea hivyo mpaka wiki zilipokwisha. Maabarani, sindano ilipoingia, mtoto hakulia. Mpimaji akamsifu kwa ujasiri. Kinyozi alitamani angelia.

Majibu yalikuwa wazi kabisa: ni ngano. Daktari alimshika mkono, akasema bila mkate ule wasingejua kamwe, na kwamba sasa mtoto atakua. Kinyozi alishukuru, tena kwa moyo, kwani alikuwa amefanya lililo sawa na alilijua. Wakasafisha jiko lote. Mama Bosi akaweka sufuria mpya, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipovua viatu na kukataa akamwita mumewe kwa utani wao wa zamani.

Wiki chache baadaye tumbo lilikuwa limeanza kushuka. Mchana mmoja, mama akianika nguo uani, kinyozi alichemsha kiazi, akakimenya, akakipuliza mpaka kikapoa, akamwita binti yake aje ale.

Bosi akaja. Hakukataa, hakuuliza ni nini. Alisimama katikati ya magoti ya baba yake, akamgeuzia mgongo, akalaza kichwa kifuani kwake, akafumba macho na kufungua mdomo.

Kinyozi alikaa na kiazi mkononi. Kisha akakirudisha kwenye sahani, akamwita mkewe aje amlishe yeye.