Nilivyomwandika Ma Koku Mjane

Kichwa hiki changu kinanichosha! App ya akina mama wakulima wa kahawa nimeiandika mwenyewe, nikajigamba Bukoba nzima, juzi nikaipeleka Buganguzi ushirika wao uipitishe. Ma Koku, aliyefiwa na mumewe, akaomba nimwandike mjane. Nikabonyeza. Kumbe mbumbumbu mimi, amri ya kubadili hali ya mkulima mmoja nilikuwa nimeifunga kwenye klasi, yaani lile umbo linalowazaa wakulima wote. Ukimgusa mmoja, umewagusa wote. Ujumbe wa app ukaingia kwenye simu za akina mama, zikalia ukumbi mzima wa mkutano. Ta Rwegasira, aliyemsindikiza mkewe, akaichukua simu ya mkewe, akasoma taratibu, kisha akasimama.

“Mwanangu,” akaniuliza, “mimi mmenizika wapi?”