Karata Zikiwa Mezani, Hakuna Kusema

Baba yangu na mdogo wake walikaa miaka mingi bila kusemezana, na katika miaka hiyo yote walicheza karata upande mmoja kila Jumapili mchana. Mgeni angeshangaa. Sisi tuliona ni kawaida, na hapo ndipo tulipokosea sote, kuanzia mama yangu hadi padri wa parokia.

Ugomvi wao ulikuwa wa shamba. Babu aliacha kilima kimoja kule Kipese, udongo mweusi unaozaa viazi na puaro, vile vitunguu vya majani marefu, mwaka mzima, akampa baba, kwa kuwa mdogo wake alikwisha kuteremkia Kamango kulima kakao. Wakati ule kakao ilikuwa inalipa, na baba mdogo hakutaka hata kusikia habari za viazi. Alikuwa akija Krismasi na viatu vipya, anatucheka jinsi tulivyonuka moshi na baridi. Kisha vita vikafika Kamango. Watu wakaacha kakao mitini, wengine wakaacha ndugu zao huko huko, na baba mdogo akafika kwetu Butembo na mke, watoto na godoro moja. Akaomba nusu ya kilima. Baba akakataa. Kilima kile ndicho kilichotulisha na kutusomesha, na mama ndiye aliyekuwa akikipanda na kukishuka na jembe begani tangu alipoolewa.

Siwezi kusema baba mdogo hakuwa na haki ya kuumia. Aliumia, na haki alikuwa nayo. Lakini maneno aliyoyamwaga siku ile uani kwetu, juu ya baba, juu ya mama na juu yetu sisi watoto, siyaandiki hapa. Bado nayasikia.

Aliyewakalisha meza moja ni jirani yetu, Mwislamu mwenye lori linalokwenda Beni na kurudi. Jumapili lori lake lilikuwa linapumzika, naye akaja kwetu barazani kucheza na baba. Mchezo wa watu wawili hauna ladha, kwa hiyo wakaniita mimi binti wa nyumba, ingawa akina mama wa jumuiya walinung'unika kwamba msichana anayeshika karata hapati mume. Tulibaki tumepungukiwa na mtu mmoja. Siku hiyo baba mdogo alikuwa anapita barabarani ametoka misani, na jirani akamwita bila kumwuliza baba.

"Kuya hapa, papa! Tunakosa mutu wa ine."

Baba aliendelea kutazama karata zake. Baba mdogo alisimama kidogo, akaingia, akavuta kiti kilichobaki. Kiti kilichobaki kilikuwa mkabala na baba, na katika mchezo wetu wanaokaa mkabala ndio wenza.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kila mmoja anatupa karata moja, mwenye kubwa anakula zote nne. Turufu, ambayo sisi tunaiita atu, inakula karata yoyote nyingine. Mwenzako akiwa ndiye anayekula, unamlisha: unamtupia karata yako nzito ili pointi ziingie upande wenu. Na hakuna kusema. Kwa ishara ni ruhusa. Ukiinua nyusi, una asi ya atu, karata kubwa kuliko zote. Ukivuta mdomo pembeni, una saba yake. Ukikuna shingo, huna kitu, Mungu akusaidie. Lakini karata zikishagawiwa, anayefungua kinywa kusema jambo lolote, hata la mvua, ameharibu mchezo, na mwenza wake ameharibikiwa pamoja naye. Adhabu yao wote wawili ni kubanwa masikio kwa vibanio vya nguo mpaka mchezo unaofuata uishe.

Sasa angalia mchezo huo ulivyowafaa watu wasiotaka kusemezana. Waliangaliana mchana kutwa, wakapeana ishara za nyusi na midomo, wakashinda pamoja, na hakuna aliyewajibika kumpa mwenzake hata salamu. Jirani na mimi tulikuwa tunapigwa kila wiki. Nimeona watu waliolala kitanda kimoja miaka mingi wasioelewana vile. Baba akikuna shingo, baba mdogo alikuwa ameshajua. Baba mdogo akitupa kubwa, baba alimlisha papo hapo bila kusita.

Mama hakujua karata hata moja. Alikuwa akileta chai ya tangawizi, anasimama mlangoni na birika, anawatazama. Siku moja alinivuta jikoni, uso umemng'aa.

"Unaona vile banalishana? Mutu hawezi lisha adui yake. Ile mambo ilikwisha, mwanangu. Ilikwisha zamani."

Padri naye alipita siku moja, akakuta masikio ya jirani na yangu yamebanwa, akacheka sana. Jumapili iliyofuata akatuweka katika mahubiri: ndugu wawili waliogombania shamba, leo wako meza moja. Watu wote kanisani waligeuka kutazama benchi letu. Baba akainamisha kichwa kwa aibu na furaha. Baba mdogo, upande wa pili wa kanisa, alikuwa anatazama mbele. Mimi nilimwona, kwa sababu nina tabia mbaya ya kutazama watu wakati wa mahubiri. Hakuonekana mtu aliyesamehe. Alionekana mtu anayengoja basi. Lakini ungemwambia nani? Ungesema nini?

Kisha figo za baba zikaanza kumsumbua. Miguu ikavimba, uso ukavimba, akawa anapumua kwa shida akipanda ngazi tatu za baraza. Hospitali walimwambia waliyomwambia, na mama akaelewa kabla baba hajataka kuelewa. Kwetu mjane hana ngao isipokuwa neno lililosemwa mbele ya watu mume angali hai. Makaratasi ya kilima cha babu hakuna aliyewahi kuyaona. Kwa hiyo mama alianza kumwomba, jioni baada ya jioni, tukiwa tumezunguka mbabula, jiko letu la makaa.

"Itia ndugu yako mbele ya batu. Itia bazee ba famille. Aseme yeye mwenyewe kama Kipese ni ya batoto."

"Nimuitie juu ya nini?" baba alijibu. "Ule mutu anajua karte yangu yote. Anajua roho yangu. Nikimuweka mbele ya batu, donc namuonyesha kama namuogopa. Njo naanzisha vita upya."

"Mais hamujasemezana!"

"Tunasemezana kila Dimanche, pa meza."

Alisema hivyo kwa dhati kabisa. Hadi leo likinijia neno hilo napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Yeye ni marehemu, na marehemu hatukanwi. Basi nakasirikia meza.

Jumapili ile ya mwisho baba hakuweza kutoka chumbani. Tuliingiza meza, tukaisogeza hadi kitandani, tukamwegemeza kwa mito. Baba mdogo alikaa kwenye kiti miguuni pake, mkabala kama kawaida. Jirani aligawa karata. Baba alizitazama, akainua nyusi, na baba mdogo akaona: asi ya atu iko kwao. Ilikuwa zamu ya baba kutupa. Tukangoja. Badala ya kutupa, alizilaza karata zake juu ya blanketi, akamtazama mdogo wake, akasema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza:

"Mudogo yangu. Ile shamba ya Kipese..."

Mama alikuwa mlangoni na sinia. Nakumbuka vikombe vilivyogongana.

Baba mdogo hakuinua macho. Alipanga karata zake mkononi, akamwita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema polepole, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa dawa:

"Yaya, hapana sema. Karte iko chini."

Kisha akanyoosha mkono dirishani, mama alipozoea kuweka vibanio, akachukua viwili, akavichezesha mbele ya uso wa baba. "Unataka nibane kinywa yako na hizi?"

Jirani aliangua kicheko. Nami nilicheka. Baba mwenyewe alicheka hadi akakohoa, akainua mikono kama anayejisalimisha, akachukua tena karata zake. Na aliyecheka kuliko sisi wote ni mama. Machozi yalimtoka, kwa sababu ndugu wawili walikuwa wamesemezana, na kwa utani, kama zamani, kama watoto wa mama mmoja. Alisikia sauti zao. Hakusikia kilichokatwa.

Wao wakashinda mchezo ule. Baba alikufa kabla ya Jumapili nyingine.

Msiba ulikwenda vizuri, kama msiba unavyoweza kwenda vizuri. Baba mdogo alibeba jeneza, alilia, alinunua sukari ya waombolezaji. Wanawake walimsifu. Jirani aliegesha lori lake mbele ya nyumba, akasafirisha watu wa Kipese bure. Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walikaa uani, na mkubwa wao akauliza kama kuna mwenye neno juu ya mali ya marehemu. Baba mdogo alisimama. Alizungumza kwa heshima, sina la kumlaumu kwa hilo. Alisema kilima ni cha babu, kwamba kaka yake alikitunza vizuri, kwamba sasa kinarudi kwa mtoto wa babu aliyebaki. Alisema mama ataruhusiwa kulima sehemu ya chini, karibu na kijito, msimu kwa msimu, kadiri itakavyowezekana.

Mama akasimama. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya wazee wale. "Bwana yangu alisema shamba ni ya batoto."

"Alisema wapi, shemeki?" baba mdogo aliuliza, bila ukali. "Nani alisikia yaya kusema?"

Macho yote yakaenda kwa jirani, mtu wa dini nyingine, asiye na faida katika jambo lile, shahidi ambaye hakuna mtu angemkataa. Aligeuza kofia yake mikononi. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua hawezi.

"Nilisikia ameanza kusema," akasema mwishowe. "Mwisho sikusikia."

Wakanigeukia mimi. Nami nilikuwa na yale yale tu: aliitaja Kipese, kisha akanyamaza. Mzee mmoja akauliza kwa nini alinyamaza. Nikasema tulikuwa tunacheza karata. Mtu nyuma akasonya, na hapo shauri likaisha. Wazee walikuwa na safari ndefu na mawingu yalikuwa yamefunga.

Nilidhani baba mdogo hatakanyaga tena barazani kwetu. Jumapili ya pili baada ya matanga alikuja, ametoka misani, kama kawaida, akavuta kiti chake. Jirani alikuwa amekuja kutusalimu tu, akainuka aondoke. Nilikuwa nimefungua kinywa nimfukuze baba mdogo kwa maneno ambayo angeyakumbuka kwa muda mrefu. Mama akatoka ndani anafuta mikono kwa kitenge. Akanitazama mara moja, na jinsi alivyonitazama, nikanyamaza. Kisha akaenda akakaa kwenye kiti cha baba.

"Munifundishe," akasema. "Mutu wa ine ni mimi."

Baba mdogo alimfundisha mwenyewe. Alimwonyesha atu, asi, saba, alimwonyesha nyusi na mdomo. Alikuwa mwalimu mwenye subira, na mama alikuwa mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote niliowahi kuwaona. Alikuwa anazitaja karata jikoni akikoroga bugali. Baada ya wiki chache tu aliweza kusoma uso wa baba mdogo kama alivyousoma marehemu, na alimlisha kila alichokuwa nacho. Jirani na mimi hatukupatana kwa neno lolote, lakini kuna siku nilimwona ana karata ya kuwaangamiza, akaishikilia, akaishikilia, akaitupa mahali ambapo haikudhuru mtu. Mzunguko uliofuata nami nikafanya hivyo hivyo.

Jumapili hii iliyopita walitupiga vibaya. Baba mdogo alikuwa amechangamka, akapiga meza kwa kiganja.

"Shemeki, unajua kucheza kupita yaya!"

"Aksanti, shemeki," mama akasema.

Alimshukuru. Kwa sauti yake ya kawaida, anatabasamu, ameketi kwenye kiti cha mume wake. Kisha akaenda kuchemsha chai, na nikamfuata jikoni kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa pale. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Kule Kipese watu wote wameshapanda, yeye bado hajaambiwa kama msimu huu ataruhusiwa. Alikuwa anapuliza makaa, mgongo amenipa.

"Umeona uso yake?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Amefurahi?"

Nikamwambia amefurahi sana.