Mfuko wa Kulalia wa Baba

Sisi tuliokulia Naitiri siku zile hatukuwa na haja ya kununua vitu vya kulala nje. Nje tulilala bure. Kukiwa na matanga, watoto wote tulitandikiwa magunia na majani ya migomba, watano kwa blanketi moja, na aliyelala pembeni alikuwa na shida zake mwenyewe. Wakati wa mavuno tulilala juu ya rundo la mahindi kulilinda, kisha tukajikuna hadi kwenye paredi ya shule. Hakuna aliyesema ameenda kambi.

Kwa hivyo sijui Baba aliutoa wapi ule ugonjwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na mlima wa pekee aliokuwa akipanda ni kale kamlima ka kwenda kisimani. Lakini kila alipofika Kitale alipitia kwa Mama Wanjiru wa Kiminini, muuza mitumba, ambaye siku moja alimwambia kwamba ana macho ya mtu anayejua vitu. Baada ya hapo Baba hakupona.

Alileta kiti cha kukunjwa, kikajikunja naye akiwa amekikalia, mbele ya wageni waliokuja kuleta mahari ya shangazi. Alileta dira ambayo kaskazini yake ilikuwa siku zote upande wa kinu cha kusaga unga. Alileta darubini yenye jicho moja zima, akawa anaangalia nayo ng'ombe wetu waliokuwa wamefungwa hatua ishirini kutoka mlangoni, na jioni anatuambia wako salama. Mama hakuteta. Aliviita vitu hivyo "mali ya Mwalimu" na kuvitengea rafu yake stoo, nyuma ya dawa ya kupe.

Nilipokuwa darasa la saba, klabu ya mazingira ya shule yetu ikapanga kwenda Mlima Elgon siku tatu. Sikuwa nimewahi kufika popote kupita Bungoma mjini, na huko nilienda kung'olewa jino. Niliitaka safari hiyo hadi nikawa naosha vyombo bila kuitwa. Mwalimu wa klabu alitusomea orodha ya vitu vya kubeba, na mwisho akasema asiye na mfuko wa kulalia abaki nyumbani. Nilipompelekea Baba orodha hiyo, aliipokea kama mtu aliyeitwa kazini.

Alirudi kutoka Kitale na mfuko mweusi, mrefu kumliko, wenye zipu ya kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa. Mama Wanjiru alimhakikishia kwamba mzungu mmoja alipanda nao mlima. Hakusema kama mzungu mwenyewe alishuka.

Jumamosi mchana Baba akaamua kuujaribu kabla mtoto hajautumia. Aliutandaza kwenye nyasi katikati ya ua, akavua viatu, akavipanga vizuri, akaingia. Mikono aliinyoosha ubavuni kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuiweka kwingine. Akaniambia, "Funga mpaka juu, tuone kama upepo unaingia." Nikavuta zipu kwa mkono mmoja, nikicheka. Uso wake ukapotea. Akanyamaza kabisa, akisikiliza upepo.

Wakati huohuo Kukhu, nyanya yetu aliyemzaa Baba, akaingia langoni akitoka mkutano wa akina mama kanisani. Aliona mfuko mrefu mweusi wenye zipu. Aliniona mimi nimepiga magoti kando yake. Aliona viatu vya mwanawe vimepangwa. Kwetu siku zile mfuko wa namna hiyo tuliujua kwa kazi moja tu, na ulitoka hospitali. Kukhu aliweka Biblia chini taratibu, akashika kichwa, akapiga nduru.

Na hapa niseme ukweli ambao sijawahi kuusema mbele za watu. Mimi nilijua Baba yu hai. Zipu niliifunga mwenyewe. Lakini Kukhu alipomlilia, alimlilia kwa majina yake yote, tangu lile alilomwita akiwa mchanga, na nikatazama ule mfuko uliotulia, nikaamini. Nililia hadi nikakosa pumzi. Kwa dakika mbili hivi nilikuwa yatima, na sijasahau ladha yake.

Baba huko ndani alisikia kilio, akataka kutoka aulize ni nani amekufa. Zipu ikakwama. Mfuko ukaanza kujinyonga na kujirusha nyasini, jambo ambalo halikumsaidia Kukhu hata kidogo.

Nduru ya mama mzee kwetu haina mipaka. Majirani walifika wakiwa tayari wamejifunga leso viunoni. Mama Nekesa alikuja na sufuria yake kubwa, maana hakuna matanga yaliyowahi kufanyika upande ule bila hiyo sufuria. Mzee mmoja alikuja na kiti chake kabisa, akakaa. Mtu akaleta kisu, lakini sauti ikatoka mfukoni ikisema usikatwe, ni wa ng'ambo. Mwishowe Mama Nekesa aliipaka zipu mafuta ya kupikia, na Baba akatoka akiwa amelowa jasho, tai shingoni. Alitazama umati uliojaa uani. Akasema, "Karibuni."

Haikuwezekana kuwarudisha hivihivi. Kukhu alieleza kwamba mtu akililiwa akiwa hai, lazima jogoo achinjwe, waliolia wale, nao wamwone aliyeliliwa akila pamoja nao, ndipo kilio kimwache. Walikuja wengi, kwa hivyo kilio kiliondoka na majogoo wanne. Baba alikula katikati ya ua, mbele ya wote, na kila tonge lilihesabiwa kwa macho.

Kisha Kukhu akatoa hukumu. "Hiyo kitu haitabeba mtoto wa hii boma."

Nililia mara ya pili siku hiyo, na safari hii nililia kwa ajili ya mlima. Baba, ambaye shuleni hakuna aliyethubutu kumjibu, aliinamisha kichwa na kupeleka mfuko stoo. Sikumwonea huruma. Nilimchukia hadi kesho yake.

Kesho yake baada ya kanisa Kukhu aliniita kwake. Alikuwa na sindano ya magunia na magunia mawili ya mahindi. Aliyaunganisha yakawa mfuko mmoja, ndani akashonea blanketi lake jekundu, na juu akaacha wazi. Ati uso wa mtoto lazima uonekane. Mwalimu wa klabu aliutazama huo mfuko kwa muda mrefu, akaweka alama kwenye orodha. Elgon kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio, na mimi nililala nikiwashwa na makapi, nikiwa na furaha kuliko mtu yeyote pale. Miaka ilipita kabla Mama hajaniambia kwamba Kukhu hakuwa na blanketi lingine.

Mfuko wa Baba ulipewa kazi ya kuivisha ndizi. Ziliiva kwa siku tatu.

Siku hizi naishi Kitale, na mwanangu amerithi ugonjwa wa babu yake, ila yeye hanunui kwa Mama Wanjiru, ananunua kwa simu. Ana jiko la kukunjwa, kijiko chenye uma upande wa pili, na hema linalojifungua lenyewe. Kujifunga halijui. Yeye na wenzake walilirudisha kutoka kupiga kambi Moi's Bridge likiwa wazi nyuma ya pikapu, kama banda la kuku. Walikolala kulikuwa na bafu la maji moto na mtu wa kuwapikia chapati. Niliwauliza kama walilala vizuri. Wakasema bana, walipiga picha kali sana.

Kukhu tulimzika zamani, nyuma ya nyumba yake. Mwezi uliopita nilienda Naitiri kumwona Baba. Amepungua, na baridi imeingia miguuni, haitoki hata kwa mablanketi matatu. Akanituma stoo nilete mali ya Mwalimu. Mfuko bado ulinuka ndizi. Nilimsaidia kuingia akiwa kitandani, akanyoosha mikono ubavuni, nami nikashika zipu.

"Mpaka juu," akasema. "Tuone kama upepo unaingia."

Nilimwambia kwamba Kukhu alikataa. Akacheka kidogo, akafumba macho.

"Siku ile nilikusikia," akasema. "Kelele zilikuwa nyingi, lakini wewe nilikusikia."

Siku zile zipu niliivuta hadi juu kwa mkono mmoja, nikicheka. Siku hizi nikifika kifuani, mkono wenyewe unakataa.