Nyumba ya Kamba

Mvua ikinyesha hapa Kitengela, harufu ya udongo mweusi huingia hadi jikoni, nami humkumbuka mama. Kwao hakuachiwa hata jembe. Aliuza sukuma wiki miaka mingi akanunua ploti hii, na kwa kuwa pesa ya mawe haikuwepo, alizungusha kamba mahali kuta zingekaa, akaacha mwanya wa mlango. Kila Jumapili tulikula humo, juani.

“Usiruke ukuta!” alinikemea. “Pitia mlangoni.”

Wapita njia walitucheka.

Siku moja jirani yetu Mmaasai alikuja na mbuzi wake. Akawazuia nje, akasimama penye mwanya.

“Hodi, mama.”

Mama alijifuta macho kwa leso.

“Karibu ndani.”