Meza ya Grinda na Ndevu za Skrepa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha msasa na mguu wa kitanda, nikaambiwa nisugue mpaka nzi akitua ateleze. Nilisugua hadi jioni. Nzi walitua, wakatembea, wakaondoka kwa wakati wao. Kesho yake nikarudi kuendelea.

Karakana ilikuwa Mashimoni, hapa Kibera, mabati pande tatu na upande wa nne ukitazamana na kibanda cha kuuzia maji. Mwenyewe tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa Mnubi, mmoja wa wale ambao babu zao waliletwa huku kama askari kutoka Sudan, na mtaa mzima ulimheshimu kwa kazi mbili. Ya kwanza ni vitanda. Ya pili ni uchinjaji: harusi, Idd, matanga, mbuzi hakuanguka pande zile bila kisu cha Fundi Mkuu. Kumbukeni hiyo kazi ya pili, maana ndiyo iliyonitesa mimi.

Ninyi vijana mnaonunua miguu ya meza dukani, ngoja niwaeleze. Kukereza ni kuufunga mti kwenye mashine ukazunguka, halafu unausogezea chuma mpaka upate umbo la mviringo. Chuma chetu kikubwa kilikuwa skrepa, bapa, kizito, ncha yake imeviringana kama ukucha, na mpini mrefu. Patasi inachonga, lakini skrepa inakwangua. Ikinolewa vizuri, mti unatoka laini, kazi ya msasa inabaki kidogo tu.

Yetu haikunolewa vizuri. Fundi Mkuu alikuwa anaishika hewani mbele ya jiwe la grinda, mashine ya kunolea, bila kitu cha kuiegemeza, kila siku na mwinamo wake. Halafu, na hapa ndipo penye shida, alikaa kwenye kigoda na jiwe la mafuta akayalainisha yale makali taratibu, huku midomo ikisoma dua. Alipomaliza aliyapitisha juu ya ukucha wa dole gumba. Yakikwaruza hata kidogo, alianza upya. Alikuwa akisema kuwa kisu kinachokwaruza ni dhuluma kwa mnyama, na kwa mnyama alisema kweli. Sijawahi kuona mbuzi aliyechinjwa kwa upole kama wake. Lakini mti ulitoka kwenye mashine ile una manyoya, umechanika, na badala ya maranda tulipata vumbi tupu. Ndiyo sababu karakana ilihitaji mtu wa msasa, na mtu mwenyewe ni mimi.

Sikulalamika. Msasa ule ulinilipia chumba Gatwekera na kumsomesha binti yangu aliyebaki Kitui kwa mama. Mwanamke mgeni Nairobi, bila cheti, bila mjomba serikalini, angepata wapi kazi nyingine?

Mwaka mmoja kazi ilipungua, Fundi Mkuu akaniazima kwa karakana moja ya Kawangware, kituo cha 46, iliyokuwa na oda ya viti vya kanisa. Msimamizi wa huko tulimwita Foreman, Mluhya mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Aliniuliza nimebeba nini kwenye mfuko. Nikamjibu kwa fahari, msasa, Foreman, namba zote. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Halafu akanionyesha mguu wa kiti uliotoka kwenye mashine dakika ile. Nilipitisha kiganja nikaona aibu kwa niaba ya karakana yetu yote.

Siri ilikuwa kwenye grinda yake. Mbele ya jiwe kulikuwa na kimeza cha chuma, upana wa kiganja, kimechomelewa kwenye mguu wenye nati. Foreman alinifundisha kukipanga kwa kelele, nami nawaambia kwa upole. Kwanza chomoa stima. Foreman alikuwa amepungukiwa kidole na hakupenda kuulizwa. Sogeza meza karibu na jiwe, upenyo ubaki unene wa shilingi, la sivyo chuma kitamezwa pale katikati. Inamisha meza kidogo tu, maana uso wa skrepa unaonolewa hukaribia kusimama wima, haulali kama wa kisu. Sasa paka uso huo wino wa kalamu nene, laza skrepa juu ya meza, zungusha jiwe kwa mkono. Wino ukifutika juu peke yake, au chini peke yake, mwinamo bado. Ukifutika wote, kaza nati uwashe mashine, upeleke mpini kushoto na kulia taratibu kama unayefagia mbele ya mkwe.

Kisha gusa juu ya makali, ukitoa kidole nje. Utasikia kitu kimejikunja pale, chembamba sana, kinakwaruza. Kule walikiita ndevu.

"Dada, hizo ndevu ndizo zinazokata," Foreman aliniambia. "Ukizinyoa, umeua skrepa."

Aliiweka kwenye mti, na maranda yakatoka membamba kama nywele za mahindi. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikaelewa. Ikiwa skrepa inafanya hivi, mtu wa msasa ni wa nini? Foreman naye alielewa, maana wiki hiyohiyo alinirudisha Kibera.

Mwenye akili angenyamaza. Lakini mdomo uliponza kichwa, na wangu haujapata kukaa na neno hata usiku mmoja. Kabla sijavua leso nilikuwa nimemweleza Fundi Mkuu kila kitu, meza, wino, nati na ndevu. Alinisikiliza akiwa ameshika jiwe lake la mafuta kifuani.

"Binti, unataka nitumie chuma kinachokwaruza?"

"Mzee, mti si mbuzi."

"Na nani alikuambia mti hausikii?"

Woi! Nilirudi kwenye msasa nikiwa na hasira za kutosha kusugua ukuta.

Kilichoniokoa ni harusi ya mjukuu wake. Alitaka kumkerezea kitanda chenye nguzo za pete nyingi, na wanawake wa upande wa bwana harusi wangekuja kukikagua, na wale mama hawana huruma. Nguzo ya kwanza ilitoka na manyoya kama kawaida. Nikaisugua. Nikasugua mpaka pete zote zikaisha makali yake, zikabaki kama peremende iliyonyonywa. Fundi Mkuu aliitazama nguzo, akaketi, akavua kofia. Nilimhurumia mzee yule, kweli, lakini niliona pia mlango wangu umefunguka na hautafunguka tena.

Nikamwomba nguzo moja tu. Fundi wa kuchomelea wa jirani angenitengenezea meza, ningenoa mwenyewe, ningekereza mwenyewe. Nikishindwa, nirudi kwenye msasa na nisiseme neno tena katika karakana ile. Nadhani hilo la kunyamaza ndilo lililomvutia.

Nilipanga meza, nikapaka wino mpaka puani. Nilipoanza kukereza, maranda yaliruka yakamjaa Fundi Mkuu kwenye kofia na mabega, naye hakujikung'uta. Nikazima. Alikuja akapitisha dole gumba kwenye kila pete, ukucha ule ule wa kupimia visu. Haukukwaruza popote.

Akauliza, bila kunitazama, "Sasa mtu wa msasa atafanya nini?"

Nilifikiria chumba, nikamfikiria binti yangu. "Atakereza, Mzee. Ukikubali."

Akanisukumia mpini wa skrepa. "Maliza zilizobaki. Na siku ya hukumu, kuhusu huo mti, utaulizwa wewe, si mimi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkereza. Sharti lake lilikuwa moja, grinda ile isiguse kisu cha mbuzi kamwe, na alipofariki niliendelea kulitii chini ya mwanawe. Nilikereza mpaka magoti yakakataa kusimama. Binti yangu sasa ni mwalimu, ananikataza kuinua hata sufuria.

Mwanzoni kustaafu kulikuwa kutamu, kwa sababu vijana wa karakana hawakuweza kuipanga meza. Kila wiki simu, nami ni nyanya yao: shosh, meza imetukataa, shosh, wino unafutika chini peke yake. Nashika mkongojo, nashuka, nawatukana kidogo, nakaza nati, nakunywa chai yao. Kisha magoti yakazidi, nikawaonea huruma. Nikawachongea kabari ya mti mgumu, yenye mwinamo kamili. Unaiweka kati ya meza na jiwe, vikigusana bila mwanga kupita, unakaza. Hata aliyeamka na pombe ya jana hawezi kukosea.

Inafanya kazi vizuri mno. Hawajapiga simu tangu hapo, na nasikia viti vyao vinateleza hadi nzi wanalalamika. Nawaonea fahari, Mungu shahidi. Lakini asubuhi nyingine nikikaa hapa na chai yangu mwenyewe, namwomba Mungu huyohuyo atume mchwa kwenye ile kabari.