Nilivyofika Pweto kwa Honi na Muziki

Safari yetu ilianza kwa sababu ya bahari, na bahari yenyewe hatukuiona. Tangu Pasaka nilikuwa nimewaahidi wanangu wawili, Nadège mwenye miaka kumi na mitano na Kiki mwenye saba, kwamba likizo kubwa tutavuka Zambia hadi Dar es Salaam, tuoge maji ya chumvi. Ahadi hiyo niliisema nyumbani, nikaisema dukani kwangu Ruashi, hapa Lubumbashi, ninapouza vipuri vya magari, nikaisema hata baada ya misa, kwa sauti ya kutosha. Kilichonishinda ni pasipoti ya Kiki. Nilichelewa kuiomba, kisha nikaogopa kukiri kwamba nimechelewa, hadi mwezi wa saba ukaingia na watoto wakaanza kupanga mabegi.

Mke wangu ndiye aliyeleta wazo la Pweto. Ziwa Mweru lina mchanga na mawimbi, akasema, Kiki hataona tofauti. Nilikubali haraka mno, kabla ya kufikiria nani anakaa huko. Baba mkubwa, kaka ya marehemu baba yangu, alinilea Pweto na kuuza samaki wakavu ili nisome Lubumbashi. Alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na sikwenda kumzika. Nilituma ujumbe kwa simu kwamba mvua imekata barabara. Kweli ilikuwa imekatika, kwa siku mbili. Siku ya tatu ilipofunguka nilikuwa dukani, nawajibu wateja.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka mjini. Nadège alikaa nyuma na vidude vya muziki masikioni. Alikwisha kuwaambia rafiki zake wote wa darasani habari za bahari, na sasa hakutaka kuongea na mtu, hasa mimi. Kiki alikuwa amevaa boya lake la kuogelea kiunoni, limejaa upepo, akakataa kabisa kulivua. Baada ya Kasomeno, tulipoachana na magari ya Kasenga, vumbi lilitupokea. Nyasi zilikuwa zinachomwa pande zote mbili za njia na majivu yakaingia hadi kwenye mkate.

Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, tulifika jioni, jua bado lipo, tukapata vyumba. Ni hapo mke wangu aliponiuliza, taratibu, watoto wasisikie:

“Papa Nadège, kesho tutashukia kwa kona ao kwa mulango?”

Nilijua anachouliza. Kwetu, mtu aliyekosa kilio haingii nyumba ya marehemu kwa salamu. Hata ikipita miaka, siku anayofika mara ya kwanza anaacha gari kwenye kona, anakuja kwa miguu akilia kwa sauti, na wenyeji wanatoka kulia naye. Ndipo anapewa maji, ndipo anaamkiwa. Kabla ya hapo hajafika, hata kama amesimama katikati ya uwanja. Nilimjibu mke wangu kwamba watoto wamekuja kuoga, hawakuja kulia, na kwamba mimi nitakwenda kaburini kimyakimya peke yangu. Niseme ukweli wote: niliona haya kulia barabarani mbele ya binti yangu. Mtu mzima, mwenye duka, na makamasi.

Siku ya pili, kama saa tisa mchana, tuliingia Pweto. Niliongeza muziki wa gari ili kuwachangamsha watoto, nikapiga honi tangu kwenye kona, nikasimama mlangoni kabisa. Nilikuwa nimevaa kaptula na miwani ya jua. Kiki aliruka na boya lake kiunoni. Uwanjani Mama Mukubwa, mjane wa baba mkubwa, alikuwa anageuza samaki kwenye vitanga vya kukaushia, pamoja na wanawake wawili wa jirani. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyepokea mzigo. Nilimnyooshea Mama Mukubwa mkono. Mikono yake ilibaki juu ya samaki.

“Bwana yangu alikufaka iko miaka mbili,” alisema, bila hasira. “Ulitumaka message. Leo njo unakuya, na muziki.”

Muziki ulikuwa bado unalia. Nilirudi kuuzima.

Nilipogeuka, Nadège alikuwa amevua vidude masikioni na kumvua Kiki boya. Baba mkubwa aliwahi kukaa kwetu kiangazi kizima alipokuja kutibiwa macho, na alimfundisha Nadège kufuma wavu kwa uzi wa magunia. Mtoto alipiga magoti kando ya yule mama na kuanza kulia, kwanza kimya, halafu kwa sauti. Mama Mukubwa akamshika kichwa, akalia naye. Mke wangu akajiunga, Kiki akalia kwa kuona wote wanalia, na wale majirani nao wakaingia. Nilibaki nimesimama na miwani yangu. Nilijaribu kulia, machozi yakakataa. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu. Maji yalipoletwa, kikombe kilipita kwa wote watatu, kikarudi ndani.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa likizo nzuri, kwa watu wengine. Asubuhi ziwa lilikuwa tulivu na la kijivu, mchana upepo uliamka na mawimbi yakagonga mchanga kwa nguvu, Kiki akipiga kelele kila moja likija. Nadège alicheka kwa mara ya kwanza tangu Lubumbashi. Nyumbani tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wabichi, mimi sahani yangu pembeni, kama dereva aliyekodiwa. Hakuna aliyenitukana. Hakuna pia aliyeniuliza habari ya njia, ya duka, wala ya afya. Mama Mukubwa aliongea na mke wangu mchana kutwa, na mimi nilipokaribia waligeukia mambo ya chumvi ya samaki.

Jioni ya pili tulikuwa ufukweni, na Nadège alikuja kukaa karibu nami. Nilimuuliza kama likizo imempendeza. Alisema ndiyo, kisha akakung'uta mchanga miguuni muda mrefu.

“Papa, miye nilifika. Mama na Kiki balifika. Weye njo bado.”

Siku yetu ya nne Pweto, asubuhi, ilikuwa ya kurudi. Mabegi yalikuwa garini. Nilitoka bila kuaga mtu, nikatembea hadi kwenye kona, nikageuka. Hatua za kwanza nilijiona mwongo mtupu. Mwanamke mwenye beseni kichwani alisimama kunitazama. Nikafungua mdomo kumwita baba mkubwa, nikamwita Tata, kama nilivyomwita nilipokuwa mdogo kuliko Kiki, na hapo kifua kikafunguka. Nilifika mlangoni sioni njia. Makamasi yalikuwepo, watoto walikuwepo, sikujali tena. Mama Mukubwa alikuwa ameshainuka, mikono kichwani, anakuja. Tulilia pale mlangoni hadi tukachoka.

Halafu akaenda mwenyewe ndani, akaleta maji, akaningoja ninywe, akanipa mkono.

“Karibu, mwana. Ulifika lini?”

“Leo, mama.”

Mke wangu alienda garini, akaanza kushusha mabegi.

Tulikaa siku mbili zaidi, tukarudi kwa njia ileile na vumbi lilelile, gari likinuka samaki hadi Ruashi. Nimejifunza kwamba haya niliyokuwa naikimbia ilikuwa ndogo, na ile niliyoichagua mahali pake ilikuwa kubwa, na binti yangu aliiona yote. Jirani aliponiuliza tulikuwa wapi siku zote hizo, Nadège alisimama kusikiliza nitasema nini. Nilimwambia tulikwenda kumlilia baba mkubwa, na kwamba mimi nilichelewa miaka miwili na siku tatu.