Tezo Niliyoipeleka Vugiri

Nilitoka nyumbani Kwedizinga kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchonga mizinga ya nyuki. Nasema ukweli mtupu. Mgongo umegoma, na mwanangu kila siku ananiambia, "Baba, watu siku hizi wanataka mizinga ya mbao. Pumzika." Sasa sisi wa mizinga ya magogo hatuachi kazi kwa mdomo. Ile tezo, kishoka cha kuchongea ulichopewa na fundi wako ulipohitimu, unamrudishia mkononi, ndipo unakuwa huru. Fundi wangu, Mzee Hoza, yu hai, alihamia ukweni kwake Vugiri. Basi nikaifunga tezo kwenye kanga ya mke wangu, nikaondoka.

Saa nne asubuhi nilikuwa Korogwe mjini. Nikanywa chai kwa mihogo. Mihogo yao ina nyuzi, si kama yetu, lakini tuyaache hayo. Mama muuza machungwa akauliza nimebeba nini. Nikamwambia tezo.

"Kumbe unachonga, babu?"

"Nilikuwa nachonga."

Neno hilo nikapanda nalo gari.

Kutoka hapo ni kupanda tu. Mkonge ukabaki chini, kona zikaanza, halafu chai kila upande, na ukungu. Mimi mtu wa joto, nikajuta kuacha koti.

Mchana nikafika Vugiri. Mzee Hoza nilimkuta barazani. Siku hizi haoni kabisa.

"Shikamoo, fundi. Ni mimi, Saidi wa Kwedizinga."

"Marahaba. Mbona unahema kama mbuzi wa mnadani?"

Nikamweleza kilichonileta. Nilitegemea anibembeleze, hata atoe chozi kidogo. Akaipapasa tezo, akasema, "Haya, weka hapo mlangoni. Umeshakula?"

Basi! Miaka yangu yote ya kuchonga ikaishia kwenye "umeshakula".

Kesho yake asubuhi nikasikia chuma kinagonga mawe nyuma ya nyumba. Mkewe, Bibi Halima, anachimbua magimbi kwa tezo yangu.

"Shemeji, unaiua!"

"Si umeshaiacha? Jembe langu limevunjika mpini."

Nikamnyang'anya, wala sikuomba radhi, Mungu anisamehe. Nikakaa nikiinoa kwenye jiwe mpaka adhuhuri. Mzee Hoza anasikiliza mlio tu. "Bado," anasema. "Bado." Mwisho akasema, "Sasa inakata. Lipo gogo la mfenesi pale, nichongee mzinga."

Siku tatu. Zamani ningetumia mbili. Jioni ya siku ya tatu akaingiza mkono ndani ya mzinga, akapapasa taratibu.

"Katikati hapa umeacha panene."

"Padogo tu, fundi."

"Tangu lini unaacha?"

Hapo akanipata. Tangu mwaka juzi. Mnunuzi haingizi mkono mpaka katikati, na kukomba pale, kukwangua mbao ya ndani, ndiko kunakovunja mgongo. Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Komba, bwana, ugali usipoe."

Nikakomba. Jasho likanitoka kwenye baridi ile ya Vugiri, mgongo unawaka, na moyoni nina raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Nilipokula, nilikula kama mtu aliyetoka kulima.

Asubuhi ya kurudi nilikuwa nimeshamchongea Bibi Halima mpini mpya. Yeye ndiye aliyenifungia tezo kwenye kanga, na magimbi juu yake. "Usituletee tena," akasema, "nitakuchimbia mihogo kwayo." Njiani nilikuwa nawaza. Kumbe niliiacha kazi siku nyingi kabla ya safari hii, siku ile nilipoacha kukomba katikati. Nilitupa sehemu ngumu nikabaki na uchovu wake tu, maana utamu ulikuwa humo humo kwenye ugumu. Mtu wa redioni angesema huo ndio wito. Mimi najua kukomba.

Jioni nilifika nyumbani. Mteja kutoka Kwaluguru ananisubiri, amekuja kuchukua mizinga miwili niliyoimaliza kabla ya safari. Nikaingiza mkono kwenye wa kwanza. Nikaingiza kwenye wa pili.

"Hii haiendi," nikamwambia.

"Mzee Saidi, mbona mizuri tu?"

"Pitisha mkono mpaka katikati."

Akapitisha, akapapasa, hakuona kosa lolote, maskini. Nikavuta kigoda, nikamwambia aje keshokutwa.